Futa Usifutwe: Mwongozo kwa Mtu wa TEHAMA

Ombi la kufuta barua pepe za mtu aliyeacha kazi huletwa kwa mdomo. Huletwa Ijumaa, saa kumi na nusu jioni, na mtu ambaye tayari ana funguo za gari mkononi. "Kijana, yule bwana wa manunuzi si ameshaondoka? Hebu futa vitu vyake vyote, tupate nafasi." Kijana wa TEHAMA, kwa heshima na kwa kutaka kuonekana mchapakazi, anaitikia "Sawa bosi", anabonyeza mara tatu, anazima taa, anawahi daladala. Jumatatu asubuhi bosi yule yule amesimama mlangoni: mkataba wa pango la ofisi, mwenye jengo alimtumia yule bwana kwa imeili, uko wapi?

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya kijana huyo, na niko upande wake. Bosi akiulizwa atasema hakumaanisha vile, na hakuna karatasi itakayombishia. Atakayeandikiwa barua ya kujieleza ni aliyebonyeza.

Kwa hiyo kufuta kwa usalama kunaanzia kinywani. Ombi la mdomo lina jibu moja: "Sawa mzee, nikipata barua tu nalifanya." Liseme ukiwa umesimama, kwa upole, na akikuuliza tena ulirudie kwa upole ule ule. Barua yenyewe haina haja ya kuwa ndefu. Itaje mwenye akaunti kwa namba yake ya utumishi, ieleze kinachofutwa na kinachobaki, iwe na tarehe ya kufuta, na iwe na sahihi tatu: ya mkuu wa idara alikotoka mtu huyo, ya ofisi ya utumishi, na ya mwanasheria au yeyote anayeshughulikia kesi za taasisi. Kila mmoja wao anajua jambo usilolijua wewe. Mkuu wa idara anajua kazi gani haijakabidhiwa. Utumishi wanajua kama mtu ameondoka kwa amani. Mwanasheria anajua nani ameshaweka wakili.

Hofu ya bosi, hata hivyo, ni ya kweli. Mtu yuko nje na nywila bado iko kichwani mwake. Hilo limalize jioni hiyo hiyo kabla hujatoka: zuia akaunti isiingilike, badilisha nywila, katisha vikao vyote vilivyo wazi kwenye simu na kompyuta zake, weka jibu la moja kwa moja linalowaelekeza wateja kwa aliyeshika nafasi yake. Ni kazi ya dakika chache, na hakuna hata herufi moja iliyopotea. Wengi wanaodai kufuta wanachotaka hasa ni kufunga. Ukishafunga, wanasahau kabisa kwamba waliwahi kukuomba ufute. Na kama tatizo ni fedha ya leseni, kwenye Microsoft 365 kisanduku cha mtu kinaweza kugeuzwa kuwa cha pamoja, kikabaki bila leseni mradi hakijavuka gigabaiti 50. Angalia tu kama kina kisanduku cha kumbukumbu kilichoambatana nacho, maana hicho bado kinadai leseni.

Sasa tafuta barua zenyewe zilipo. Nabaki na Microsoft 365 kwa sababu ndipo mkanganyiko unapokuwa mkubwa. Mtumiaji anaposema barua zake za zamani "ziko kwenye Archive", anaweza kuwa anazungumzia mahali patatu tofauti. Pa kwanza ni folda ya jina hilo kwenye Outlook, ile ambayo barua huingia ukibonyeza kitufe kimoja. Hiyo ni folda kama folda nyingine, iko ndani ya kisanduku kile kile, na kisanduku kikienda nayo inakwenda. Pa pili ni kisanduku cha kumbukumbu kinachojitegemea. Ukikiwasha, sera ya kawaida ya Exchange huhamishia humo barua zilizofikisha miaka 2, kimya kimya, bila mwenyewe kugusa kitu. Pa tatu ni faili la PST kwenye laptopu yake, na laptopu hiyo saa hii iko kwenye kabati la stoo ikisubiri kupewa mwajiriwa mpya, au kijana mwenzako ameshaanza kuiwekea Windows upya. Kimbia ukamzuie. Mafaili hayo ni dhaifu. Ya Outlook za zamani, kabla ya toleo la 2003, hayakuruhusiwa hata kuvuka gigabaiti 2. Kuna mara nyingi ambapo miaka yote ya mazungumzo na mzabuni ilikuwa humo peke yake, kwa sababu mtumishi alikuwa anahamisha barua ili kisanduku chake kisijae. Alifanya alivyoelekezwa. Usimlaumu.

Baada ya hapo hesabu siku, na hapa naomba usome polepole.

Ukifuta mtumiaji kwenye Microsoft 365, kisanduku chake hakipotei siku hiyo. Kinaweza kurudishwa kwa siku 30, kisha kinaondoka moja kwa moja. Ukizima kisanduku cha kumbukumbu peke yake, yaliyomo yanasubiri siku 30. Ukikiwasha siku ya 31 unapewa kipya, kitupu. Ukiondoa leseni bila kugusa akaunti, siku ni hizo hizo 30, na hapa ndipo watu makini wanapoumia, kwa sababu hawakudhani wamefuta chochote. Walikuwa wanapunguza bili. Kwa wanaotumia Google Workspace muda ni mfupi zaidi: mtumiaji aliyefutwa anarudishika ndani ya siku 20.

Katika familia zetu nyingi, mali ya marehemu haigawanywi kabla ya arobaini. Ndugu wa mbali wapate kufika, wanaodai wajitokeze, wanaodaiwa wajulikane. Akaunti ya kazini inastahili subira kama hiyo, tena ndefu zaidi, kwa sababu wanaodai ofisini huchelewa kufika kuliko mjomba yeyote wa Tabora. Tanzania, mfanyakazi anayeona ameachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Migogoro mingine ya kazi ina siku 60. Aliyechelewa anaweza kuomba aongezewe muda. Ziweke siku hizo kando ya siku za mfumo uone zinavyogongana: mtu anapeleka fomu siku ya mwisho kabisa, wito unamfikia mwajiri wiki inayofuata, na barua ambazo zingemtetea mwajiri, au zingemtetea mfanyakazi, zimeondoka kwenye seva siku chache kabla. Kenya muda wa kufungua madai ya ajira ni miaka 3. Kumbukumbu za kodi zinatakiwa zitunzwe miaka 5, Kenya na Tanzania, na ankara iliyokuja kama kiambatisho cha barua pepe ni kumbukumbu ya kodi hata kama mtu wa TEHAMA anaiona ni megabaiti tu. Kwa mtumishi wa umma wa Tanzania kuna jambo kubwa zaidi: tangu Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, kumbukumbu ya umma haiteketezwi kwa uamuzi wa mtu mmoja ofisini, hata awe mkurugenzi wako, mpaka utaratibu wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ufuatwe.

Ndiyo maana nasisitiza tarehe iandikwe kwenye ile barua na iandikwe na watu wanaozijua sheria hizi. Mfumo unajua siku zake 30. Haujui kwamba mhasibu bado anamsubiri mkaguzi.

Kukiwa na kesi, au hata harufu ya kesi, kufuta kunasimama kabisa. Tarehe 12 Oktoba 2001 mwanasheria wa ndani wa kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Arthur Andersen aliwatumia wenzake imeili kuwakumbusha sera ya kampuni kuhusu kutunza na kuondoa nyaraka. Mteja wao mkubwa, Enron, alikuwa ukingoni mwa kuporomoka na uchunguzi ulikuwa unakaribia. Siku zilizofuata wafanyakazi walichana makaratasi na kufuta barua pepe kwa wingi. Juni 2002 kampuni ikatiwa hatiani kwa kuzuia uchunguzi. Mei 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua hukumu hiyo kwa kauli moja, lakini wakati huo kampuni iliyokuwa na watu wapatao 85,000 duniani ilikuwa imekwisha sambaratika. Sera yao haikuwa mbaya. Pengine ilikuwa nzuri kuliko ya ofisi yako. Waliikumbuka saa mbaya.

Mwaka huo huo wa 2005, mwezi Aprili, benki ya UBS iliamriwa na mahakama ya New York kumlipa mfanyakazi wake wa zamani zaidi ya dola milioni 29 katika kesi ya ubaguzi wa kijinsia, kesi ya Zubulake, ambayo wanasheria wa barua pepe wanaitaja mpaka leo. Wafanyakazi wa benki walifuta barua baada ya kuambiwa wazitunze, na Jaji Shira Scheindlin akaliruhusu baraza la mahakama kuchukulia kwamba zilizopotea zilikuwa na ushahidi wa kuiumiza benki. Fikiria hilo: barua isiyoonekana ikawa shahidi mkali kuliko iliyoonekana.

Kwa hiyo, mwanasheria akisema ngoja, weka zuio la kisheria kwenye kisanduku kabla ya kufuta akaunti. Kwenye Microsoft 365 mpangilio huo ndio unaookoa: kisanduku kilichowekewa zuio kwanza, kikifutwa, hubaki kimelala na yaliyomo yote, hakiingiliki ila kwa kupekuliwa rasmi. Akaunti ikifutwa kwanza, zile siku 30 zimeshaanza kuhesabika. Na siku zuio likiondolewa usishangae kuona nafasi haijarudi. Exchange huongeza siku 30 nyingine za tahadhari yenyewe, na waliobuni hivyo walijua tunavyojuta.

Nimekutisha, lakini usije ukaamua kutofuta kamwe. Kutunza milele ni kosa pia, na kwangu mimi ndilo kosa lisilo na huruma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Kenya wana yao tangu 2019. Zote mbili zinakataa taarifa za mtu zikae muda mrefu kuliko zinavyohitajika kwa kazi zilizokusanyiwa. Na kisanduku cha mtu aliyefanya kazi miaka kumi kina mambo mazito. Kina cheti cha daktari alichompelekea bosi kuomba ruhusa. Kina maombi ya mkopo wa dharura, ada ya mtoto imemkaba. Kina barua ya talaka iliyopita kwa wakili, picha za msiba, orodha ya michango ya harusi na majina ya waliogoma kuchanga. Mtu huyo aliiamini ofisi, au hakuwa na imeili nyingine. Hana tena ufunguo wa mahali hapo, na wewe unao. Usisome. Ukitumwa kutafuta mkataba, tafuta kwa neno na kwa tarehe, mtu wa utumishi akiwa pembeni yako, toa ulichotumwa na ufunge. Vizuri zaidi, kabla hajaondoka mpe siku moja ya kukaa kwenye kompyuta yake achukue vyake binafsi, mbele ya shahidi, na aonyeshe zilipo barua za kazi. Anayeondoka akiheshimiwa hupokea simu ukimpigia miezi mitatu baadaye kuuliza nywila ya faili la bajeti.

Kuna kitu kingine ambacho karibu kila ofisi husahau. Anwani ile ya barua pepe haikuwa ya kupokea barua tu. Ni jina la kuingilia mahali pengi. Muulize mhasibu: akaunti ya TRA ilifunguliwa kwa imeili ya nani? Ya BRELA? Ya mfumo wa manunuzi wa NeST? Namba ya siri ya mara moja kutoka benki inatua wapi? Nani alisajili jina la kikoa la kampuni, na taarifa ya kulilipia inatumwa kwa nani? Kenya uliza hivyo hivyo kuhusu iTax na eCitizen. Yule bwana wa manunuzi, kwa kuwa alikuwa mtu wa kujituma, ndiye aliyejisajili kwa niaba ya wote. Ukiifuta anwani kabla ya kuhamisha hizo, tovuti ya kampuni itazimika siku usiyoitarajia na taarifa ya malipo itakuwa imerudi kwa mtumaji kwamba mpokeaji hayupo. Hamisha moja baada ya nyingine, hakiki kwa kuingia na anwani mpya, kisha uiache ya zamani ikielekeza barua kwa mrithi kwa miezi kadhaa.

Nakala ya akiba itolewe kabla ya kufuta, na ijaribiwe. Kuijaribu maana yake ni kuifungua kwenye kompyuta nyingine, siyo ile iliyoitoa, kulinganisha idadi ya barua folda kwa folda, kufungua barua ya kwanza kabisa na ya mwisho kabisa, na kufungua kiambatisho kimoja kizito. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab aliyekuwa amechoka usiku alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya pili. Kampuni ilikuwa na njia tano za kuweka nakala, na ilipozihitaji hakuna hata moja iliyokuwa inafanya kazi kama ilivyopangwa. Waliokolewa na nakala ambayo mhandisi aliitoa kwa mkono saa sita kabla, kwa sababu nyingine kabisa. Nakala yako ifungwe kwa nywila, ikae kwenye hifadhi ya taasisi, na iwe na tarehe yake ya kufutwa. Isikae kwenye flashi ndani ya droo. Flashi hiyo itaazimwa kubebea miziki ya sherehe ya mwisho wa mwaka.

Tumefika kwenye kufuta kwenyewe, na hatari iliyobaki ni ya kumkosea mtu. Ofisi yenye jmushi na jmushi2 inajua ninachosema, hasa kama jmushi aliyeondoka ni yule wa pili. Usimtafute mtu kwa jina. Mtafute kwa namba ya utumishi na kwa kitambulisho cha kipekee ambacho mfumo umempa, uyaandike yote mawili kwenye fomu ya ufutaji, kisha mwenzako ayasome kwa sauti kutoka kwenye fomu huku wewe ukiangalia skrini. Usinakili amri ya zamani na kubadilisha jina tu. Agosti 2020 katika kampuni ya KPMG kazi ilikuwa ndogo kabisa: kuondoa sera ya utunzaji kwenye akaunti moja. Sera iliguswa kwa kampuni nzima, na mazungumzo binafsi ya Teams ya watumiaji wapatao 145,000 yakafutika. Akaunti moja ilikuwa imekusudiwa. PowerShell ina swichi iitwayo WhatIf, inayokuonyesha amri ingefanya nini bila kuifanya. Iweke kila mara, uhesabu majina yanayotokea, na yakizidi moja uamke kwenye kiti. Akaunti yenye madaraka ya kufuta iwe tofauti na ile unayosomea barua zako, uingie nayo kwa kazi hiyo na utoke.

Chagua Jumanne au Jumatano asubuhi. Mtu akigundua kosa, fundi wa kusaidia yupo kazini na wewe pia upo. Futa. Sekunde chache tu, na baada ya maandalizi yote haya utaona ni kidogo mno.

Kisha ingia kwenye daftari la ufutaji: akaunti, namba ya utumishi, nani ameidhinisha, tarehe na saa, nakala iko wapi, siku ya mwisho ya kurudisha ni ipi. Weka ukumbusho siku mbili kabla ya siku hiyo ya mwisho na uwaulize wale watatu waliosaini kama kuna jambo lolote jipya. Wakisema hakuna, acha mfumo umalize. Siku ya 31 hakiki kwamba akaunti haipo tena kwenye orodha ya zilizofutwa, uandike hivyo, usaini, mtu wa utumishi asaini chini yako. Nakala moja ya fomu ibaki kwenye faili lako na ya pili iende masjala.